Nyayo za Spike Milligan, kutoka Bayswater hadi Finchley

Jumatatu: Bayswater

Orme Court ni barabara fupi inayochepuka kutoka Bayswater Road, mkabala na bustani ya Kensington Gardens, na anayeshuka treni ya chini ya ardhi katika kituo cha Queensway huifikia kwa mwendo mdogo tu wa miguu. Nimeamua kuanzia hapa badala ya kuanzia kaburini, kwa sababu katika jengo namba 9 ndimo Spike Milligan alimokuwa na chumba chake kwa miaka mingi. Alifanya kazi humo, mara nyingi alilala humo, na humo humo ndimo alimojifungia kila sonona ilipomshika. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikihesabu madirisha, ingawa sikuwa na njia ya kujua lipi lilikuwa lake.

Kwa msomaji asiyemfahamu, Milligan alizaliwa tarehe 16 Aprili 1918 huko Ahmednagar, India, ambako baba yake, mtu mwenye asili ya Ireland, alikuwa askari katika jeshi la Uingereza. Familia ilihamia London akiwa kijana. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1960 alikuwa mwandishi mkuu wa The Goon Show, mchezo wa vichekesho wa redio ya BBC alioucheza pamoja na Peter Sellers na Harry Secombe, na hapo mwanzo Michael Bentine pia. Vijana walioanzisha Monty Python, kikundi cha vichekesho cha Uingereza, walikua wakiusikiliza, na hawakuficha deni lao kwake. Muda wote huo, na kwa miaka mingine arobaini baadaye, aliishi na ugonjwa wa baipola, ambao humpandisha mtu kwenye msisimko usio na kiasi, kisha humporomosha kwenye sonona nzito kiasi cha kushindwa hata kujibu salamu.

Nina ndugu wa tumbo moja anayeishi na ugonjwa huu. Sitasema mengi kumhusu, kwani maisha yake ni yake, lakini ndiye aliyenifanya nitake kuona kwa macho yangu mahali ambapo mtu mwingine, aliyejulikana na taifa zima, aliuguza maradhi hayo hayo.

Mwanamke aliyeshika funguo za Orme Court, kwa maana halisi na kwa maana pana, ni Norma Farnes, aliyeanza kuwa meneja wa Milligan mwaka 1966 na kubaki naye hadi mwisho wa maisha yake. Katika kumbukumbu zake alieleza jinsi Milligan alivyokuwa akijifungia kwa siku kadhaa bila kutaka kuonana na mtu. Farnes ndiye aliyebaki na simu, mikataba na wahariri waliokuwa wakisubiri kazi. Kila mwenye mgonjwa wa akili nyumbani anaijua kazi hiyo: kujua lini ugonge mlango na lini uuache, na kuwajibu watu wa nje bila kumdhalilisha aliye ndani. Nadhani watu wa aina ya Farnes wanastahili kuandikwa zaidi ya wanavyoandikwa.

Kabla ya Orme Court, Milligan na mwenzake Eric Sykes walikuwa na ofisi juu ya duka la mboga huko Shepherd's Bush, pamoja na Ray Galton na Alan Simpson, katika ushirika wa waandishi uliojulikana kama Associated London Scripts. Sykes alisimulia kwamba siku moja waligombana kuhusu neno moja tu katika mchezo waliokuwa wakiuandika, Milligan akamrushia kizito cha kukandamizia karatasi, nacho kikamkosa na kutokea dirishani. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa ili watu wacheke. Mimi kila ninapokisikia namfikiria Sykes, ambaye kesho yake alirudi mezani na kuendelea kumpunguzia mwenzake mzigo wa kuandika.

Jioni nilivuka barabara nikaingia Kensington Gardens kuuona Elfin Oak. Ni kisiki cha mwaloni mkongwe kilicholetwa kutoka Richmond Park mwaka 1928, ambacho mchongaji Ivor Innes alikijaza vijitu na wanyama wadogo wa rangi rangi. Siku hizi kimezungushiwa wavu wa chuma, hivyo hulazimika kusogeza uso hadi karibu kabisa ili uone kibwengo anayekwea ngazi za mbao akiwa na mfuko wa matunda, na vichwa vinavyochungulia katika nyufa. Katika miaka ya 1960 Milligan alikikuta kimechakaa, rangi zimebanduka, akajitwika kazi ya kukikarabati pamoja na wasaidizi wake. Nilizunguka kile kisiki mara kadhaa nikiwaza kwamba mikono iliyotulia kupaka rangi pua ya kijitu chenye urefu wa kidole ilikuwa ya mtu ambaye wiki nyingine hakuweza kuinuka kitandani.

Jumanne: Highgate na Muswell Hill

Leo nilikwenda kaskazini, kwenye mtaa wa Shepherd's Hill, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1950 Milligan na mkewe wa kwanza, June Marlow, walikuwa majirani wa Peter Sellers. Walioana Januari 1952 na binti yao Laura alizaliwa Novemba mwaka huo huo, siku zile zile msimu wa tatu wa The Goon Show ulipokuwa unaanza. Msomaji ayaweke mambo hayo pamoja kichwani: mtoto mchanga analia usiku, mama yake anajikongoja baada ya kujifungua, na baba ana deni la mchezo mpya wa nusu saa kila wiki, wenye sauti na milio ya ajabu ambayo mafundi wa redio hawajawahi kuitengeneza, na lazima uchekeshe.

Mwishoni mwa mwaka 1952 alivunjika. Akiwa amepotewa na uhalisia, alichukua kisu cha kumenyea viazi akaenda kwa Sellers akiamini kwamba ni lazima amuue. Alizuiwa, akapelekwa katika hospitali ya akili ya St Luke's, Muswell Hill, ambako, kwa masimulizi yake mwenyewe, alifungwa asiweze kujidhuru wala kumdhuru mwingine. Vipindi kadhaa vya msimu ule vilirushwa bila yeye, wenzake wakiigiza nafasi zake. Baadaye alirudi kazini na urafiki wake na Sellers haukufa.

Nilitembea kutoka Highgate hadi Muswell Hill kwa miguu. Hospitali imefungwa, na eneo lake sasa ni makazi ya watu. Nilipopita palikuwa na baiskeli za watoto zimeegemezwa ukutani. Sikuhuzunika, maana sioni sababu ya kuhifadhi kila wodi ambamo watu waliteseka. Nilichotaka ni kuupima umbali kati ya nyumba na hospitali, na umbali huo ni mfupi kiasi kwamba June angeweza kwenda kumtazama mumewe na kurudi kumnyonyesha mtoto.

Hapa ndipo nataka kusema jambo lililonileta. Kuna imani iliyoenea kwamba wachekeshaji wakubwa huchekesha kwa sababu ni wagonjwa, na kwamba ukimtibu Milligan ungeua kipaji chake. Naikataa imani hiyo, na nadhani mwaka 1952 unaikataa pia. Ugonjwa ulipofika kileleni mchezo haukuboreka. Mwandishi alitoweka katika kipindi chake mwenyewe. Yaliyotuchekesha aliyaandika katika saa alizoweza kukaa mezani, kusoma tena alichokiandika, kufuta, na kuanza upya. Nakubali kwamba katika msisimko wa baipola mawazo hukimbia na kalamu hukimbia nayo, na Milligan mwenyewe aliamini kwamba msisimko huo ulimpa baadhi ya vituko vyake. Lakini mawazo yanayokimbia bado si mchezo wa redio. Ndugu yangu naye, anapopanda, hujaza daftari usiku kucha, na asubuhi hakuna mtu anayeweza kulisoma, hata yeye.

Matibabu ya wakati ule yalikuwa machache. Wagonjwa walipewa dawa za kuwalaza, au walipitishiwa umeme kwenye ubongo, tiba ambayo Milligan naye aliipata katika vipindi vya maisha yake. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alikuwa ameandika juu ya chumvi ya lithiamu kuwatuliza wagonjwa wenye msisimko mkali, lakini ilichukua miaka mingi kabla madaktari hawajaikubali kama dawa ya kawaida, kwani kiasi kinachotibu hakiko mbali na kiasi kinachodhuru, na mtumiaji hulazimika kupimwa damu mara kwa mara huku figo na tezi ya shingo zikiangaliwa. Milligan aliandikiwa lithiamu miaka ya baadaye. Nchi ile ile ilikotoka habari ya dawa hiyo ndiko wazazi wake walikohamia, katika mji mdogo wa Woy Woy, naye alikuwa akiwafuata huko kupumzika na kuandika.

Jumatano: Camden

Siku fupi, na mvua haikukatika. Nilikwenda Mornington Crescent kuliona jengo la zamani la Camden Theatre, ambako kilirekodiwa kipindi cha mwisho cha The Goon Show, kilichorushwa hewani tarehe 28 Januari 1960. Sasa ni ukumbi wa muziki uitwao KOKO. Mlinzi wa mlangoni aliniruhusu kujikinga mvua kwa dakika chache.

Vipindi zaidi ya 200 vilitengenezwa katika misimu kumi, lakini rekodi nyingi za misimu mitatu ya mwanzo hazikuhifadhiwa. Kwa hiyo anayetaka kusikia jinsi wenzake walivyoziba pengo la Milligan mwishoni mwa 1952 hana pa kusikiliza. Wakati kipindi cha mwisho kinarekodiwa ndoa yake na June ilikuwa imekwisha kuvunjika, na wenye kutaka kuhesabu gharama za vichekesho hivyo waanzie hapo.

Alhamisi: Bexhill

Treni kutoka Victoria ilinifikisha Bexhill-on-Sea kabla ya adhuhuri. Mji uko pwani ya Sussex, na fahari yake ni De La Warr Pavilion, jengo jeupe refu la mwaka 1935 lenye ngazi ya mviringo iliyozungukwa na vioo, ambamo ukipanda unaiona bahari ikijitokeza kidogo kidogo kila unapogeuka. Milligan aliletwa hapa mwaka 1940 akiwa askari wa mizinga, na pamoja na wenzake wa kikosi aliunda bendi ya dansi iliyopiga katika jengo hili, yeye akipuliza tarumbeta. Picha za wakati ule zinaonyesha kijana mwembamba, mwenye macho ya utundu na mabega yaliyolegea. Nimezitazama sana, kama wafanyavyo ndugu wa wagonjwa wote, nikitafuta dalili. Sikuona hata moja.

Januari 1943 kikosi chake kilisafiri kwenda Algeria, kikapigana Afrika Kaskazini, kisha Italia. Januari 1944, katika mapigano ya kuelekea Monte Cassino, bomu la mota lilimjeruhi mguuni na kuitikisa akili yake. Alilia bila kuweza kujizuia, alianza kugugumia, na kila mizinga ilipolia alitetemeka. Kamanda wake alimnyang'anya cheo. Naandika sentensi hiyo kwa hasira, maana mtu aliyevunjika mguu hakuvuliwa cheo, lakini aliyevunjika moyo alihesabiwa kuwa mwoga. Alipelekwa hospitali, halafu nyuma ya mstari wa mbele, na huko akaangukia katika vikundi vya muziki na maigizo vya kuwaburudisha askari.

Je, vita ndivyo vilivyomletea baipola? Ninavyoelewa, ugonjwa huu hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na mishtuko ya maisha huweza kuuamsha au kuuchochea, hivyo siwezi kuutupia mzigo wote uwanja wa vita. Hata hivyo kuna jambo lililobaki naye maisha yake yote, nalo ni kuumizwa na kelele. Aliandika barua za malalamiko na kuendesha kampeni dhidi ya makelele na muziki unaolazimishwa madukani, na wengi walimwona mkorofi. Nikiwa nimeketi kwenye veranda ya De La Warr, huku pikipiki zikipita kwa vishindo barabara ya pwani, sikuona ukorofi wowote katika ombi la mtu kutaka kuachiwa utulivu.

Ijumaa: Winchelsea na Rye

Kituo cha treni cha Winchelsea kiko mbali kidogo na mji wenyewe, na njia ya kuufikia hupanda kilima. Kanisa la St Thomas limesimama katikati ya mji, nusu yake ni magofu ya karne nyingi, na Milligan amezikwa katika uwanja wake. Alifariki tarehe 27 Februari 2002 akiwa na umri wa miaka 83, nyumbani kwake karibu na Rye, alikokuwa akiishi na mkewe wa tatu, Shelagh.

Alikuwa ametaka jiwe la kaburi lake liandikwe kwamba aliwaambia kuwa anaumwa. Dayosisi ya Chichester haikuyakubali maneno hayo kwa Kiingereza, na mwaka 2004 yaliwekwa kwa Kiirishi, pamoja na maneno ya upendo kwa Shelagh. Watalii wawili walionitangulia walikuwa wakicheka, na hawakukosea, kwani aliyaacha ili watu wacheke. Kwangu mimi maneno hayo ni kweli tupu. Alituambia. Alizungumzia ugonjwa wake redioni na magazetini wakati watu wengi wa jukwaani walikuwa wakificha dawa zao mikobani, na mwaka 1993 alitoa kitabu kuhusu sonona pamoja na Anthony Clare, daktari wa akili kutoka Ireland, ambamo mgonjwa na daktari walieleza jambo moja kila mmoja kutoka upande wake. Watu waliokuwa wakijificha waliweza kumwonyesha mume au mama kurasa zile na kusema kwamba hali ni hiyo.

Nilimwandikia ndugu yangu kutoka Rye, nikamwambia nimefika. Alijibu kwa kuuliza kama Milligan alipata siku nyingi nzuri. Nilimjibu kwamba ndiyo, alipata nyingi, na nikamtajia kisiki cha mwaloni.

Jumamosi: Finchley

Nimerudi London kwa ajili ya Finchley, kwa sababu hapa ndipo alipolea watoto. Holden Road iko karibu na kituo cha Woodside Park, na Milligan aliishi hapo kuanzia miaka ya 1950 hadi 1974. Nyumba yenyewe ilibomolewa na nyingine imejengwa mahali pake.

Baada ya kuachana na June, Milligan ndiye aliyekabidhiwa watoto watatu, Laura, Sean na Sile. Mwaka 1962 alimwoa Patricia Ridgeway, aliyejulikana kama Paddy, wakamzaa Jane, na Paddy akawa mama wa nyumba nzima hadi saratani ya titi ilipomuua mwaka 1978. Watoto wamesimulia habari za baba aliyewaandikia barua ndogo ndogo kana kwamba zimetoka kwa majini wema wanaoishi bustanini, akazificha kati ya majani ili wazikute asubuhi, na mashairi yake mengi ya watoto yalianzia katika michezo hiyo. Wamesimulia pia habari za mlango uliofungwa na nyumba iliyotakiwa kunyamaza. Mwaka 1974 alimpiga kwa bunduki ya upepo kijana aliyeingia uani kwake, akafikishwa mahakamani. Sitaki kulipunguza uzito jambo hilo; familia iliishi na yote mawili, barua za bustanini na hofu ya siku mbaya, na watoto hawakupewa nafasi ya kuchagua moja.

Kutoka hapo nilikwenda East End Road, kwenye bustani ya Stephens House, ambako tangu Septemba 2014 kuna sanamu ya shaba ya Milligan iliyotengenezwa na John Somerville. Ameketi kwenye benchi, na nafasi imeachwa pembeni yake ili mgeni yeyote akae. Nilikaa kwa muda mrefu, nikawapisha waliotaka kupiga picha, kisha nikakaa tena. Wakazi wa Finchley walichangishana fedha kwa miaka kumi hivi ili kuisimamisha, na ninawashukuru, kwani ni vigumu kuipita bila kumkaribia. Ombi langu kwao ni moja: kama siku moja wataongeza kibao cha maelezo kando ya benchi hilo, wawaandike pia June, Paddy, Shelagh na Norma Farnes, na waeleze kila mmoja alifanya kazi gani.